Bima ya Mwenye Nyumba Haimkingi Mpangaji

Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, lori lililosheheni gesi lililipuka mtaani Embakasi, Nairobi. Watu kadhaa walifariki, mamia wakajeruhiwa, na makao ya jirani yakateketea. Kila mkasa wa aina hii utokeapo, hapakosi mtu wa kuuliza: je, nyumba hizo hazikuwa na bima?

Swali hilo lina kasoro. Hata kama mwenye nyumba alikuwa amelipia bima, fidia yake ni ya kuta, paa, milango na pengine kodi aliyopoteza. Kitanda cha mpangaji, vitabu vyake, jiko na televisheni havimo. Sensa ya mwaka wa 2019 ilionyesha kwamba zaidi ya robo tatu ya kaya za mijini humu nchini hukaa katika nyumba za kupanga. Miongoni mwao wamo walimu waliohamishwa mbali na kwao, na wanafunzi wa vyuo vikuu waliokosa nafasi katika mabweni. Wengi hulipa kodi kwa miaka na mikaka wakidhani kwamba jengo likikingwa, nao wamekingwa. La hasha!

Makampuni yetu huuza bima ya nyumbani iliyogawanywa katika sehemu. Ya kwanza ni ya jengo, na hiyo haimhusu mpangaji. Zimhusuzo ni sehemu ya vyombo vya ndani, ile ya vitu vya kubebwa kama simu na tarakilishi, ile ya kumfidia mfanyakazi wa nyumbani aumiapo kazini, na ile ya dhima ya mkaaji kwa watu wengine.

Hii ya mwisho hupuuzwa mno, ilhali huenda ndiyo yenye uzito kuliko zote. Tuseme umesahau kufunga mfereji, maji yakapenya sakafu na kuharibu mali ya jirani wa chini; au mtungi wako wa gesi umewasha moto ulioteketeza orofa nzima. Kampuni itamlipa mwenye nyumba. Kisha, ikithibitika kuwa chanzo ni uzembe wako, kampuni hiyo hiyo inaweza kuirithi haki ya mwenye nyumba na kukudai wewe. Mshahara wa mwalimu hauwezi kulijenga upya jengo la orofa tano.

Yafaa pia ifahamike hesabu inayowatoa watu machozi. Mtu ana vyombo vya shilingi 400,000, lakini ili apunguziwe malipo ya bima, anaandikisha 200,000. Moto unaunguza vitu vya 100,000. Yeye hutarajia kulipwa 100,000 kamili, kwa kuwa hazijafikia kiwango alichoandikisha. Mkataba wenye sharti la uwiano utampa 50,000 pekee, kwa maana alikinga nusu tu ya mali yake, na hata hizo huenda zikapunguzwa kwa kiasi ambacho hati humtaka ajibebee mwenyewe. Mwalimu wa hisabati anaweza kulifunza jambo hili kwa kipindi kimoja, nalo lingewafaa wanafunzi kuliko mafumbo mengi ya vitabuni.

Hata hivyo, lawama zote zisiwaangukie wananchi. Hati za bima huandikwa kwa Kiingereza cha mawakili, na masharti mazito hufichwa nyuma. Wizi usioacha alama ya kuvunja mlango mara nyingi haulipwi. Baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, wengi waliokuwa na bima walikataliwa fidia kwa hoja kwamba fujo za kisiasa hazikuwemo mkatabani.

Isitoshe, bima hii hulenga nyumba za mawe. Mkaaji wa chumba cha mabati Mukuru au Mathare, ambako moto huzuka mara kwa mara na mafuriko ya mwaka wa 2024 yalisomba kila kitu, huambiwa kuwa makao yake si ya kudumu. Serikali ilitoa kanuni za bima ndogo mwaka wa 2020, ili watu wa mapato ya chini wapate kinga kwa malipo haba. Makampuni hayana budi kueleza ni lini kanuni hizo zitaufikia mlango wa mabati.