Nyumba za Ibada Zisilipishwe Deni la Wengine

Januari 1889, wapiganaji wa Pwani waliopinga utawala wa Wajerumani waliiteketeza misheni ya Wabenediktini huko Pugu. Mapema katika karne hiyo hiyo, Wasakalava kutoka Bukini waliuangamiza mji wa Kua, kisiwani Juani, Mafia. Misikiti yake ni magofu hadi leo. Oktoba 2012, makanisa ya Mbagala yalishambuliwa kufuatia ugomvi wa watoto wawili. Mara zote tatu, nyumba ya ibada ililipishwa deni lisilo lake.

Barabara ipitayo Mbagala ndiyo ifikayo Kibiti na delta ya Rufiji. Ni wajibu wa viongozi wa huko, na wa Mafia, wasingoje moshi: ugomvi uzukapo, masheikh na mapadri waitwe barazani siku hiyo hiyo. Wananchi nao wayatunze magofu ya Kua, yawe onyo.