Gereza na Jirani Zake

Liko swali tulisikialo mara nyingi watu watokapo kanisani siku ya Jumapili: "Hao washikwao kwa kosa la ugaidi, mbona wafungwe papa hapa Bunia, karibu na nyumba zetu na shule za watoto wetu? Nani alituuliza?" Swali hilo si la watu waoga tu. Juma hili twaona vema tulitazame pamoja.

Kwanza tukiri kwamba hofu hiyo ina msingi. Usiku wa kuamkia Jumapili tarehe 27 Julai 2025, wauaji wa kundi la ADF waliingia Komanda, kilomita 70 hivi kutoka kwetu, wakaua watu zaidi ya 40, miongoni mwao waamini waliokuwa wakikesha katika parokia ya Mwenye Heri Anuarite. Na magereza nayo yamekwisha kuvunjwa. Gereza la Kangbayi mjini Beni lilishambuliwa mwezi Juni 2017, wakatoroka wafungwa zaidi ya 900. Likashambuliwa tena tarehe 20 Oktoba 2020, wakatoroka zaidi ya 1,300. Milio ya bunduki husikiwa kwanza na jirani, wala si na mkubwa aliyetia sahihi akiwa mbali. Wahenga walisema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Kwa hiyo twasema wazi: raia wana haki ya kusikilizwa. Wakuu watajibu kwamba mambo ya ulinzi ni siri. Ni kweli, hesabu ya askari na zamu zao si maneno ya barazani. Lakini mahali lilipo gereza si siri. Kila mtoto apitaye njiani analijua. Tena jirani ni mlinzi pia. Mwezi Novemba 2021 wafungwa watatu wa ugaidi walitoroka gereza la Kamiti nchini Kenya. Siku chache baadaye walikamatwa Kitui, kwa kuwa wanakijiji waliwatilia shaka wakatoa habari. Raia asiyesikilizwa leo atakuwa mzito kusema kesho. Kwetu jambo hili lina uzito zaidi, maana Mei 2021 mkoa wetu uliwekwa chini ya utawala wa kijeshi na baraza la mkoa likasimamishwa. Njia ya raia kusema ikawa nyembamba.

Walakini kusikilizwa si sawa na kukataa. Bunia ikisema, "Wapelekeni Beni," Beni nayo itasema, "Wapelekeni Kisangani," na kila mji utakuwa na watoto wake na shule zake. Huko Marekani, Rais Obama aliagiza mwaka 2009 gereza la Guantánamo lifungwe. Bunge likakataza fedha za serikali zisitumike kuwahamishia mahabusi katika nchi yao. Alipotoka madarakani mwaka 2017, gereza lilikuwa lingali wazi, na walikuwamo watu wasiohukumiwa bado.

Na kupeleka mbali kuna dhambi yake. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilieleza habari za watoto wasiopungua 29 waliotuhumiwa kuwa wa kundi la FDLR. Walikuwa wamefungwa Angenga, mbali sana na Kivu, wengine tangu 2015, pasipo kushtakiwa. Mama gani angefika huko na chakula? Shahidi gani angesafiri? Hata aliyefiwa hupata hasara, kwa sababu hataisikia hukumu ya aliyemwulia ndugu yake.

Tusisahau tena kwamba mtuhumiwa bado si mhalifu. Katiba yetu ya 2006 yasema kila mshtakiwa ahesabiwe hana hatia mpaka hukumu ya mwisho, na kila mfungwa atunzwe kwa namna ya kulinda uhai na heshima yake. Wako waliotekwa na waasi wakachukuliwa msituni kwa nguvu. Kuwatenga hao na wauaji ni kazi ya mahakama. Mtaa haufai kuifanya, kwa maana huzuni yetu ingali mbichi.

Basi raia wa Bunia na waulize mambo matatu, kwa utaratibu, kwa kupitia wakuu wa mitaa na mapadre wao. Je, kuta na walinzi watosha? Je, watuhumiwa wahukumiwa upesi, au gereza lajaa tu? Je, siku ya hatari, watoto wakimbilie wapi? Nani ana hatia, hilo tuwaachie mahakimu.

Nanyi wanafunzi, kumbukeni kwamba Bwana wetu atatuuliza kama tulimwendea alipokuwa kifungoni. Parokia ile ya Komanda ina jina la Anuarite, aliyeuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964 akimsamehe aliyemwua. Msamaha wake haukuondoa haja ya hukumu wala ya mlango imara wa gereza. Lakini watukataza tusitamani mtu yeyote apotelee mahali asikoonekana.