Tutafute Sababu Kabla ya Kununua Kamshafti

Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012, ni ngome ya pamba nchini. Trekta linalolima Itilima na lori linalobeba pamba kutoka Meatu hutegemea injini ya dizeli. Injini ikifa katikati ya msimu, anayeumia ni mkulima.

Ni jambo la kusikitisha, basi, kwamba kamshafti na tapeti zikilika, wengi wetu hukimbilia dukani kununua nyingine bila ya kuuliza zimelikaje. Injini inapozunguka mara 1,500 kwa dakika, kila nundu ya kamshafti husukuma tapeti yake mara 750. Kinachovitenganisha vyuma hivyo ni utando mwembamba wa oili. Oili ikichakaa, au ikiingiwa na dizeli na vumbi, utando huo hukatika. Tapeti kuukuu nayo, ikifungwa juu ya kamshafti mpya, huweza kuila upesi.

Kubadilisha chuma na kuiacha sababu ni kumlipisha mkulima mara mbili. Tunawataka mafundi wetu wa Bariadi wasitupe vyuma vilivyolika. Wapasue chujio la oili watazame chembe za chuma, wapime nafasi za valvu, kisha wamweleze mwenye chombo waliyoyaona. Wenye vyombo nao waandike daftarini kila wanapobadilisha oili, wala wasimfiche fundi uzembe wao.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Tuuzibe kabla ya msimu kufunguliwa.