Karata za Simu na Kibaba cha Nyumbani

Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba hukimaliza. Julai 2018 Uganda ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa mitandao ya kijamii, yaani 6,000 kwa mwezi. Julai 2021 kodi hiyo iliondolewa, ikafuatwa na asilimia 12 juu ya data. Hivyo askari wa Kampala ashindanaye kwa simu katika mchezo wa karata uitwao matatu hulipa kabla hajatupa karata ya kwanza. Bei ipandapo, ajitoaye kwanza si mchezaji dhaifu, bali mwenye watoto wengi. Na mashindano hupoteza mastadi. Heri nyumba itengayo fungu la michezo baada ya chakula na karo. Fungu likiisha, karata za karatasi zingalipo: hununuliwa mara moja, zikawakutanisha wazazi na watoto mkekani.