Masikio mazito na mtumbwi

Wandugu wafanyakazi, siku ya mapumziko wengine wetu wanakwenda kuvua samaki kwa mtumbwi katika ziwa la Tshangalele. Ni furaha nzuri. Lakini mtu aliyeshika mashini ya kutoboa mawe miaka mingi, mara nyingi masikio yake yamekwisha kuharibika. Makelele yanayopita desibeli 85, saa 8 kila siku, yanaua vinyweleo vidogo vya ndani ya sikio, na hakuna dawa ya kuvirudisha.

Juu ya maji mtu huyu hasikii mwenzake akimwita, wala injini ya mashua inayotoka nyuma, wala ngurumo ya mbali. Wengine wanasema: abaki nyumbani. Mimi nakataa. Anaweza kuvua vizuri, lakini kwanza aseme bila haya: « Mimi sisikii. » Anayeficha anajitia katika hatari, yeye na wenzake.

Asiende peke yake. Mwenye kusikia akae mbele, ili alama zake zionekane. Patana alama hizo mkiwa bado pwani: kafi juu, simama, kafi upande, geuka. Tazama nyuma mara kwa mara. Kila mmoja avae koti la kuelea. Chombo cha kusikilizia kinaharibiwa na maji: usikitegemee ziwani.

Mama, ukiona baba haitiki ukimwita, mlete hospitali. Na wewe kijana wa mashini, vizibo vya masikio si vya kuweka mfukoni.