Benchi Lisilotaka Mtu

BARAZANI, na Mwanaidi Shehe

Nina hasira, na hasira yenyewe ni ya benchi. Ubunifu ambao kazi yake ni kumchosha binadamu ili aondoke mwenyewe si ubunifu, na anayelipwa kwa kazi hiyo anakula fedha ya dhuluma. Nimelala na neno hili tangu mwanzoni mwa wiki nikidhani litapoa. Halijapoa.

Jumatatu nilikuwa katikati ya jiji la Dar es Salaam, kwenye jengo jipya ambalo sitalitaja. Kwa mbali linavutia: vioo kutoka chini hadi juu, miti ya mapambo kwenye vyungu vya zege, kiwanja kipana cha vigae vya kijivu. Ghorofa ya chini kuna dirisha la huduma, na foleni ya dirisha hilo huanza hata kabla ya saa mbili asubuhi. Pembeni ya foleni, juani, yamepangwa mabenchi. Zege limesuguliwa mpaka linang'aa, kingo zimechongwa kimawimbi, na kila baada ya shubiri mbili kimesimamishwa kipande cha chuma cheusi kisichozidi urefu wa kidole. Picha yake ingependeza kwenye kalenda.

Mbele yangu kulikuwa na bibi mmoja, kajifunga kanga, bahasha ya kaki kaibana kwapani. Foleni haikusogea, akaniomba nimshikie nafasi, akaenda kukaa. Nikamwona anateleza. Akajivuta nyuma, akateleza tena. Akakita miguu chini, vidole vikang'ang'ania kandambili, magoti yakaanza kutetemeka. Nilisogea nikaweka kiganja juu ya lile zege, ndipo nikaelewa: limeinamishwa kwa makusudi kuelekea mbele. Ukilikalia, mapaja yako ndiyo yanayokushikilia usianguke. Ni kuchuchumaa kulikoitwa kukaa. Bibi akanyanyuka, akatandika mtandio wake kwenye vigae kando ya benchi, akakaa chini.

Hata miguu hajanyoosha, mlinzi akafika.

"Shikamoo, bibi. Hapo hairuhusiwi kukaa."

"Marahaba, mwanangu. Sasa nikae wapi?"

Kijana akaonyesha benchi. Bibi akalitazama benchi, akamtazama kijana, akasema bila kupandisha sauti, "Hilo halitaki mtu."

Na mimi nikaingilia. Niliyoyasema si ya kuchapisha gazetini, lakini bibi aliachwa akae alipokaa. Yule mlinzi sina neno naye. Baadaye, nikizunguka jengo kutafuta kivuli, nilimkuta nyuma ya jenereta amekalia ndoo ya rangi iliyopinduliwa, kavua kiatu kimoja, anakanda kisigino. Jengo la mamilioni na mamilioni, na mchoraji wake hakukumbuka kwamba mlinzi naye ana miguu.

Kelele zangu zilimleta kijana mwingine, huyu ana kitambulisho shingoni na kompyuta mkononi. Mstaarabu, anaongea kwa adabu. Akaniambia alishiriki katika mradi ule. Nikamuuliza kwa nini benchi limeinama. Akajibu kwa fahari, na fahari ile ndiyo iliyonikosesha usingizi.

"Mama, lile limebuniwa hivyo. Watu wakipata pa kukaa hawaondoki. Watakuja machinga, watakuja mama lishe, usiku watalala watu. Ulaya nako ndivyo wanavyofanya siku hizi."

"Na vile vyuma?"

"Vinawasaidia wazee kujiinua."

Hapo alinidharau. Mkono wa kiti ni msaada mkubwa kwa mzee, hilo halina ubishi, lakini fundi yeyote wa samani pale Keko atakwambia kwamba mkono wa kiti unafika usawa wa kiwiko cha aliyekaa. Chuma cha urefu wa kidole hakimwinui mtu. Kinamzuia kulala, kinamzuia kumpakata mtoto akajinyoosha, kinawazuia wawili kusogeleana. Mtu akitaka kuwafukuza wenzake, angalau asiwaambie kwamba anawasaidia.

Hilo la Ulaya ni kweli, na tusifichane. Mwaka 2012 halmashauri ya Camden, jijini London, iliweka benchi la zege lililotengenezwa na kampuni ya Factory Furniture. Halina sehemu bapa ya kujilaza. Limekatwa pembe pembe ili asilale mtu na asiteleze juu yake kijana mwenye ubao wa magurudumu. Halina ufa wa kufichia dawa za kulevya wala wa kutupia takataka. Limepakwa kitu kinachokataa rangi za wachora kuta. Wabunifu wakasifiana. Mwaka 2014, London hiyo hiyo, eneo la Southwark, wenye jengo moja la makazi walipandikiza misumari ya chuma kwenye kona ya mlango ili wasio na makazi wasipate pa kuweka ubavu. Watu wakakusanya saini, meya wa wakati huo, Boris Johnson, akaipinga hadharani, ikang'olewa. Lakini fikra haikung'olewa. Desemba 2019 kampuni ya Uingereza iitwayo StandardToilet ilijitokeza na choo cha kukaa kilichoinama nyuzi 13, ili baada ya dakika tano hivi miguu ya mfanyakazi ichoke, arudi kazini. Chooni!

Mjerumani mmoja, Fabian Brunsing, aliliona mapema. Mwaka 2008 alitengeneza benchi lililojaa miiba ya chuma. Unatumbukiza sarafu, miiba inazama, unakaa. Muda ukikaribia kwisha linapiga mlio wa onyo, kisha miiba inarudi juu. Kwake ilikuwa kazi ya sanaa. Sisi tunayachukua haya haya tunayapeleka kwa mkandarasi na hati ya malipo.

Na tunayatoa mbali wakati kwetu kukaa kuna ustadi wa karne nyingi. Nenda Mji Mkongwe wa Zanzibar. Baraza za mawe na chokaa zimeegemea kuta za nyumba, kichochoro hadi kichochoro. Wazee wanacheza bao hapo, muuza kahawa anapita na birika lake la makaa, watoto wanasubiri chuo kifunguliwe. Masika yakijaza maji njiani, baraza hizo hizo zinageuka njia ya juu, watu wanapita bila kulowa. Lamu kuna daka, ule ukumbi mdogo wa mlangoni wenye viti vya mawe pande mbili, kivuli kimejaa, mgeni anapokewa pale bila nyumba nzima kufunuliwa. Hebu litafakari jambo hilo: mwenye nyumba alitoa fedha yake, akamlipa fundi, akapunguza upana wa njia ya mbele ya ukuta wake, ili apatikane mtu asiyemjua wa kukaa hapo. Na fundi akasawazisha, akalainisha, akaacha upana wa kutosha mtu kukunja miguu. Hakuna aliyeuliza machinga atakuja au hatakuja. Alikuja, akauza maandazi, dunia ikaendelea.

Shangazi yangu wa Ngamiani alinipigia simu nilipokuwa naandika haya. Nikamsimulia. Akauliza swali moja tu: "Huyo aliyejenga, kwao hawana baraza?" Sikuwa na jibu, maana nina hakika kwao wanayo. Nina hakika yule kijana mwenye kitambulisho alijifunza kusoma akiwa amekaa kwenye baraza ya mtu, na bibi fulani alimpa muhogo hapo.

Anayetaka ubunifu wa ajabu kwenye benchi aende Harare. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alitaka kuwahudumia watu wenye sonona katika kitongoji cha Mbare. Chumba ndani ya zahanati hakikupatikana, wala wauguzi wa kumsaidia. Alichopewa ni mabibi 14 wa mtaani na nafasi ya nje. Akaweka benchi la mbao. Bibi anakaa upande huu, mwenye mzigo moyoni anakaa upande ule, wanazungumza. Mwanzoni watu walilikwepa kwa sababu lilitangazwa kuwa benchi la afya ya akili, na nani anataka kuonekana hapo? Mabibi wenyewe ndio waliotaka liitwe jina jingine, likawa benchi la urafiki, na watu wakaja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 katika jarida la tiba la JAMA ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliozungumza na mabibi hao walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida. Wazo hilo limefika Malawi, limefika Zanzibar, limefika hata New York. Mbao chache, misumari, na watu wawili wanaokaa mpaka wamalize mazungumzo. Lingekuwa limeinamishwa kuelekea mbele, nani angemaliza?

Chanzo cha balaa letu ni kimoja, na nakisema wazi. Wanaopitisha michoro hawasimami foleni. Wanaingia na gari mpaka chini ya jengo, lifti inawapandisha, na juu kuna viti vya ngozi. Kile kiwanja cha mbele wanakiona kwa juu, kupitia kioo, na kwa juu mtu aliyekaa anaonekana uchafu kwenye vigae. Ndiyo maana vyungu vya miti vina nafasi, bendera zina nafasi, nembo ya jengo imewekewa taa, na bibi mwenye bahasha ya kaki hana mahali. Wanamwogopa. Wanaogopa maandazi yake, mkeka wake, wajukuu zake, na uvumilivu wake wa kungoja.

Tunayo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, na kwa ajili yake majengo mengi mapya yana njia ya mteremko ya kiti cha magurudumu. Jengo lile nalo linayo, imewekwa mkono wa kushikia, imetengenezwa vizuri. Anayeipanda akifika juu anakutana na mabenchi yale. Kwa hiyo anayekagua mteremko anakagua, lakini benchi hakuna anayelikalia kabla ya kuweka sahihi.

Nazitaka halmashauri za majiji yetu, zinazotoa vibali vya ujenzi, ziongeze swali kwenye fomu zao: mtu akichoka mbele ya jengo hili, anakaa wapi? Jibu lisipokelewe kwa karatasi. Msanifu aje mwenyewe, aletewe benchi alilolichora, alikalie nusu saa kamili, saa saba mchana wa Januari, bahasha kwapani. Akiteleza, arudi na mchoro wake nyumbani.