Kuongeza Uhai wa Zimwi Si Kuongeza Ugumu

Katika michezo ya kuigiza wahusika mezani, ambayo Dungeons & Dragons ya Gary Gygax na Dave Arneson iliifungulia njia mwaka 1974, imeenea imani kwamba wachezaji wakiongezeka maradufu, inatosha msimamizi wa mchezo, yaani yule anayesimulia hadithi na kuwaendesha maadui, amwongezee adui alama za uhai kwa kiasi hichohicho. Imani hiyo ni potofu, na wanaoumia ni wachezaji wanaokaa mezani hadi usiku wa manane wakingoja zamu zao.

Kosa lenyewe ni la hesabu. Pambano huenda kwa mizunguko, na katika kila mzunguko mpiganaji hupata zamu moja ya kutenda. Zimwi la toleo la mwaka 2014 lina alama 59 za uhai, na rungu lake likimpata mtu humwondolea wastani wa alama 13. Ikichukuliwa kwamba kila mchezaji hulipunguzia alama 7 kwa zamu, wachezaji wanne watalimaliza mwanzoni mwa mzunguko wa tatu, likiwa limekwisha kupiga mara mbili. Wakiwa wanane, na zimwi likapewa alama 118, litaanguka katika mzunguko uleule likiwa limepiga mara mbili zilezile, ila sasa mapigo hayo yanabebwa na watu wanane. Zimwi limenenepa, hatari imepungua nusu, na kila mchezaji amengoja zamu saba za wenzake badala ya tatu.

Mhandisi Mwingereza Frederick Lanchester alilieleza jambo hili mwaka 1916 alipochambua vita vya angani: pale ambapo kila mpiganaji anaweza kumlenga adui yeyote, nguvu ya kikosi hukua kwa mraba wa idadi yake, hivyo watu mara mbili ni nguvu mara nne. Anayetaka kuirudisha hatari kwa uhai peke yake hana budi kulipa zimwi alama 236, na wachezaji watahitaji zamu 34 kuliangusha, ilhali wale wanne walihitaji 9 tu.

Wapo wanaojibu kwamba basi pigo ndilo liongezwe nguvu, na dawa hiyo ni mbaya kuliko ugonjwa. Mchawi wa ngazi ya tatu mwenye alama 17 huhimili rungu la alama 13 akabaki na 4, na hizo 4 ndizo zinazomtia katika kufikiri: akimbie, ajifiche, au atumie uganga wake wa mwisho? Rungu la alama 26 humlaza kabla hajaamua lolote.

Kidole kimoja hakivunji chawa, na watungaji wenyewe walilijua hilo, kwani mwongozo wao wa mwaka 2014 unaagiza thamani ya adui aliye peke yake ihesabiwe nusu anapokabili wachezaji sita au zaidi, na joka jekundu lililokomaa wamelipa vitendo vitatu vya ziada katika kila mzunguko, ambavyo huvitenda pale zamu za wengine zinapokwisha. Kinachoongezwa hapo ni nafasi za kutenda. Kundi la watu wanane linastahili mazimwi mawili pamoja na goblini kadhaa wenye pinde, waliotawanyika juu ya miamba ili uganga mmoja wa moto usiwateketeze wote, na nyuma ya wachezaji kuwe na daraja ambalo sharti baadhi yao wabaki kulilinda.